Nje Kukavu, Ndani Kumelowa

Neno "kuziba" limekuwa tamu mno vinywani mwa mafundi wetu. Paa likivuja, tutaziba. Ukuta ukifanya ufa, tutaziba. Bodi la matatu likiachana na kiunzi chake, lete gundi, tutaziba. Na mwenye mali naye hufurahi, kwa kuwa kuziba hakuli pesa nyingi wala siku nyingi, na jioni yake kitu king'aacho kama kipya. Leo nataka kuligombeza neno hili. Wasomaji wangu mtaniwia radhi, kwani mfano wangu sitautoa Kibokoni wala Matondoni. Nitautoa mbali, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani, nilikokwenda kumzuru mpwa wangu baada ya Idi Kubwa ya mwaka 2022.

Mpwa wangu huyu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na trela. Si trela la makontena kama yale yatokayo Kilindini, la. Hii ni nyumba ndogo yenye magurudumu, hufungwa nyuma ya gari ikakokotwa, na kwetu wako waiitao karavani. Ndani mna kitanda, jiko, meza na msala wa kujibana. Waamerika huzipenda sana nyumba hizi, na sehemu kubwa yake hutengenezwa upande wa Elkhart, jimbo la Indiana. Ziko za fahari, kama zile za Airstream zinazoundwa huko huko Ohio, katika mji wa Jackson Center, ambazo mwili wake ni mabati ya alumini yaliyopigwa ribiti kama ndege. La mpwa wangu halikuwa katika jamaa hiyo. Lilikuwa trela la watu wa kawaida, urefu wake futi 24, umri wake yapata miaka 25. Kiunzi chake mbao laini, na juu ya mbao mabati membamba ya alumini yenye mikunjo ya kulala, yamebanwa kwa pini mfano wa zile za kubania karatasi, ila hizi ni ndefu na nene zaidi.

Sasa basi, upande wa kulia, nyuma, mabati yalikuwa yameachana na mwili. Ukiyabonyeza yaingia, ukiyaachia yatoka, kama kifua cha mtu mwenye pumu. Na barabarani, kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, upepo ulipenya chini yake yakapiga kelele kama tanga lililochomoka demani. Mpwa wangu alikuwa ameshachoka nalo na ameshapata mnunuzi wa dola 3,500. Kijana huyo mnunuzi alikuwa na mke na mtoto mchanga, na trela hakulitaka kwa matembezi. Alitaka kulikaa. Kodi ya nyumba ilikuwa imemshinda.

"Mjomba," akaniambia, "hili ni jambo la saa moja. Natia skrubu ndefu, napitisha silikoni hapa na hapa, na kesho kutwa huyo yuwaja kulichukua."

Silikoni yenyewe alikwisha kuinunua, mirija miwili, nyeupe. (Baadaye nilijaribu kukitungia shairi kisa hiki, nikashindwa kupata vina vya "silikoni" visivyochekesha. Nikaona nikiandike kwa nathari tu.)

Jirani yake alikuwa mzee wa Kiamerika, seremala aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Alipotuona tumesimama na mirija yetu alivuka majani akaja. Hakusema kitu. Alichukua bisibisi, akaigeuza, akaanza kugonga bati kwa mpini wake, tangu mbele kwenda nyuma. Tang, tang, tang, na mara: dub. Akagonga chini: dub. Hapo mimi nilisisimka, kwa maana mlio ule nilikuwa ninaujua. Nilipokuwa mtoto wa chuo, tukitoka kusoma tulikwenda ufuoni kuwatazama mafundi wa majahazi. Chombo kilipopwelewa maji yakakiacha juu ya mchanga, fundi alikizunguka na nyundo, agonga ubao mmoja mmoja na sikio amelitega. Hakuanza kalafati mpaka chombo kimemjibu.

Yule mzee akachomoa utepe wa plastiki uliofunika vichwa vya skrubu kwenye ukingo wa kona. Skrubu ya kwanza aliitoa kwa vidole viwili. Ilikuwa imekuwa kutu tupu, na mezi zake zimejaa kitu cheusi kibichi, mfano wa tambuu iliyokwisha tafunwa. Ule ndio ubao. Skrubu ndefu ya mpwa wangu ingeingia ndani ya tambuu ile, ikae wiki mbili, kisha itoke.

Ninawaeleza jinsi maji yalivyofika pale, maana hapa ndipo penye ilimu. Bati halikuachia kwa sababu bati ni baya. Juu, pale paa lipokutanapo na ukuta, chini ya ukingo wa alumini huwekwa utepe wa ulimbo, laini, wenye kunata, uzuiao maji yasipite. Kwa jua na baridi za miaka mingi ulimbo ule hukauka, hujikunja, huacha mwanya ambao jicho halioni. Mvua ikinyesha, tone huingia juu. Haliingii chumbani hata mtu akaliona. Hupita baina ya bati la nje na mbao za ndani, katikati ya ile pamba ya gilasi inayowekwa kuzuia baridi, na pamba ikishalowa haikauki. Maji huteremka mpaka kwenye ubao wa chini kabisa, hapo hukaa. Ubao huoza, pini na skrubu hukosa cha kushika, na bati ndipo hulegea. Kwa hiyo bati lililolegea chini, ugonjwa wake uko juu, na mgonjwa mwenyewe ni ubao usioonekana. Ukilipitishia silikoni pale chini umefanya ubaya mara mbili: maji ya juu yaendelea kuingia, na njia ndogo ya chini iliyokuwa ikiyatoa umeifunga kwa mkono wako. Na juu ya hayo silikoni haishikiki na kitu. Hata silikoni mpya juu ya silikoni kuukuu haishiki, rangi nayo huikataa. Atakayekuja baada yako kutengeneza itambidi aikwangue yote kwanza.

Mpwa wangu alisikiliza yote. Kisha akanivuta kando, tukasema Kiswahili.

"Mjomba, kazi hii ni ya siku nne, na mimi siuzi kwa dhamana. Hapa mtu auza 'kama kilivyo'. Mnunuzi ana macho yake, atazame."

Sikumlaumu kwa haraka. Ndivyo desturi ya huko ilivyo, mtu binafsi akiuza chombo kikuukuu mara nyingi huuza hivyo, na hakuna wa kumwita mwizi. Hata kwetu, nani hajasikia "mali ya mnada haina rudi"? Lakini mimi na yeye tumesomeshwa jambo jingine, naye alilisoma chuoni kama nilivyolisoma mimi. Nikamkumbusha kisa kilichomo katika hadithi sahihi, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani na vidole vikatoka na umande. Akauliza, na mwenye mali akasema ni mvua. Akamwambia kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione; kisha akajitenga na mwenye kughushi. Yule mfanyabiashara hakuilowesha nafaka yeye. Mvua ndiyo iliyoilowesha. Kosa lake ni kuliweka kavu juu. Mafakihi wetu wakalijengea jambo hili mlango mzima, wakauita hiari ya aibu: mnunuzi akikuta aibu ya kale iliyofichwa, ana haki ya kurudisha.

"Basi na sisi tunataka kufanya nini," nikamwuliza, "ila kuweka kavu juu?"

Akanyamaza. Nami si kwamba nilikuwa msafi wa kumhutubia mtu. Miaka mingi nyuma, Mombasa, nilikuwa na chumba cha kupangisha chenye ukuta wa fukuto la chumvi. Nilimwita fundi, akapiga saruji, tukapaka rangi ya maziwa, na mpangaji akaingia na watoto watatu kwa furaha. Haikufika mwaka ukuta ulifura ukamwaga unga, na mtoto wake mdogo alikuwa hakomi kukohoa. Yule mama hakunigombeza. Alihama tu. Hili sikumwambia mpwa wangu siku ile; nawaambia nyinyi.

Na katika ukuta ule ndiko nilikojifunza kuwa saruji ni silikoni ya mji wetu. Nyumba za kale za Mombasa na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua: unyevu huingia ukatoka. Saruji haipumui. Ukiipiga juu ya ukuta wa kale unyevu hufungwa ndani, chumvi hutafuta njia, na mwisho saruji hubambuka na kipande cha jiwe juu yake. Mji wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na bado utamkuta mtu amesimama na mwiko wa saruji mbele ya ukuta wa babu yake. Aona anauponya.

Turudi Ohio. Tulilifungua trela. Mabati yale yamepandana kuanzia chini kwenda juu, la juu limelalia la chini ili maji yateremke, sawasawa na makuti yanavyoezekwa. Kwa hiyo kuyavua huanzia juu. Tukayakunjua taratibu, kwani alumini ikishavunjika mkunjo haurudi. Tukatoa pamba iliyolowa, mifuko mitatu. Tukakata ubao mbovu mpaka tulipofikia ubao mzima unaokataa msumari, kisha tukaacha wazi siku mbili na feni inapuliza usiku na mchana. Mpwa wangu alileta mbao za kijani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, akidhani amefanya vyema. Mzee akazirudisha. Dawa ile ina shaba, akasema, na shaba pamoja na unyevu huila alumini. Tukatia mbao za kawaida, kavu, tukaziunga ubavuni na zile nzima kwa gundi na skrubu. Matundu ya zamani yaliyopanuka tukayajaza vijiti vya meno vilivyochovywa gundi. Ukwanguaji wa ulimbo mkavu ulitula mchana mzima na ngozi ya vidole vyangu. Utepe mpya wa ulimbo, skrubu zisizoshika kutu, ukingo ukabanwa mpaka ulimbo ukafurika pembeni, tukaukata. Ukingo wa chini hatukuuziba. Maji yakiingia tena siku moja, yapate pa kutokea. Ile mirija miwili ya silikoni ilirudi dukani.

Mambo haya yote, ukiyatazama, mafundi wetu wa jahazi waliyajua bila kusoma kitabu. Kalafati ya kale hung'olewa kwanza, ubao mbovu hubadilishwa, ndipo pamba yenye mafuta ikapigwa kwa patasi, na deheni ikafuata mwisho. Deheni haikuwa ya kufichia ubao. Mtu aliyepaka deheni juu ya ubao mbovu alijua kuwa nahodha atalala baharini juu ya ubao ule, na pengine nahodha ni shemeji yake. Ninavyoona mimi, hapa ndipo tulipopotelea: fundi wa leo hamjui atakayelala. Na mwenye mali hamlipi fundi kwa kugonga na kusikiliza. Amlipa kwa kung'aa. Fundi akisema "nipe siku mbili nifungue nitazame", twamwona mwizi wa muda, twamwita mwenzake anayeziba. Msitupe lawama yote kwa mafundi. Sisi ndio tunaowafundisha.

Tulitumia siku sita badala ya nne, na dola 210 za vifaa. Mnunuzi akaja na mkewe, mtoto begani. Mpwa wangu, sikumwagiza, alikuwa amezipanga zile mbao mbovu juu ya majani karibu na mlango, na moja akampa yule kijana mkononi. Akamwonyesha tulipofungua. Kisha akampeleka mbele, upande wa kushoto, akamwambia kona hii hatukuifungua, muda haukutosha. Tumeigonga yaitika vizuri, lakini ulimbo wake ni wa kale kama wa ile nyingine, kabla ya theluji ufungue. Yule kijana aligonga mwenyewe kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akamtazama mkewe. Wakapatana dola 3,200.

Mzee jirani akaenda kwake akarudi na mabaki ya utepe wa ulimbo, kama futi kumi, akamtilia mkononi pamoja na bisibisi.