Bei Iandikwe, Tusiitwe Pembeni

Na Mwanaidi Shomari

Siku hizi ukitaka gauni au friji, si lazima ufike Kariakoo. Katalogi ya duka imo kwenye simu: picha, rangi, saizi, hata namba ya kulipia. Kinachokosekana ni bei. Ukiuliza, unajibiwa, "Njoo DM."

Huko DM, kwenye ujumbe wa faragha, ndiko mteja anakopimwa. Muuzaji anaweza kuchungulia picha zako na kuuliza unakaa wapi. Wa Masaki akatajiwa bei yake, wa Mbagala yake.

Katalogi zilipata nguvu kwa kufanya kinyume cha hayo. Mwaka 1872, huko Chicago, Aaron Montgomery Ward alitoa karatasi moja tu yenye orodha ya bidhaa na bei zake. Aliwalenga wakulima waliochoka kukamuliwa na wenye maduka ya vijijini. Walituma pesa, mzigo ukaja kwa treni.

Baadaye ikaja katalogi ya kampuni ya Sears. Kusini mwa Marekani, enzi za sheria za ubaguzi, Mweusi dukani alisubiri hadi Wazungu wahudumiwe. Katalogi haikuuliza rangi yake. Aliagiza kwa posta, akaletewa kitu kile kile kwa bei ile ile. Wapo wenye maduka waliokasirika hadi wakahimiza watu wachome katalogi hizo hadharani. Walijua kilichowaponza: mteja alikwisha kuijua bei kabla ya kuvuka kizingiti.

Wauzaji wetu wana hoja zao. Dola hupanda, mzigo wa Guangzhou huja na gharama mpya, na mshindani akiiona bei yako hushusha yake. Ni kweli. Lakini katalogi ya WhatsApp Business, iliyoanza 2019, ina nafasi ya bei, na kubadilisha tarakimu hakuchukui hata dakika. Kuhusu mshindani, akishusha yeye, anayenufaika ni mnunuzi.

Wala sipingi kupatana. Kupatana ndiyo raha ya soko letu, ila kunataka pa kuanzia panapojulikana na pande zote mbili. Bei ikifichwa, anayepatana ni mmoja, mwenzake anabahatisha.

Basi muuzaji, andika bei na tarehe yake, ikipanda, badilisha. Nawe mnunuzi, ukikuta picha nzuri isiyo na bei, usiulize. Pita. Wauzaji wakikosa wa kumwita pembeni, wataandika.