Wati za Kwenye Kibandiko ni Porojo

Leo nina neno na wote wanaojiundia kompyuta, hasa vijana wenzangu wa hapa Gede, Watamu na Malindi. Tunabishana miezi mizima kuhusu prosesa na kadi ya grafiki, halafu pawa saplai tunainunua kwa chenji iliyobaki. "Ina wati 500, itatosha." Jamani, wati 500 zipi?

Igeuze usome jedwali lililo ubavuni. Tafuta sehemu ya volti 12 uone ampea zake. Ukikuta ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Basi! Zilizobaki zimejazwa na volti 5 na volti 3.3, ambazo prosesa na kadi za grafiki za leo hazizitegemei. Intel ilileta kiwango cha ATX12V mwaka 2000 kwa sababu mzigo ulikuwa unahamia kwenye volti 12. Zaidi ya miaka 20 imepita na bado tunauziwa jumla ya kibandiko!

Tupige hesabu ya kompyuta ndogo yenye mazabodi ya Mini-ITX, milimita 170 kwa 170, ile unayoweza kuipakata kwenye matatu ukienda Mombasa. Prosesa ya Ryzen 5 7600 hula hadi wati 88. Kadi ya RTX 4060 hula wati 115. Weka 50 za mazabodi, memori, diski na feni. Jumla 253. Ile "500" yenye wati 216 tayari imeshindwa. Pawa saplai ya wati 450 za kweli inatosha, na inaacha nafasi kwa sababu kadi ya grafiki huruka juu ya kiwango chake kwa milisekunde chache. Anayekwambia ununue ya 850 "uwe salama" anakumalizia pesa za UPS.

Pili, joto. Kwenye mzigo huohuo wa wati 250, pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90 hupoteza wati 28 hivi kama joto. Yenye asilimia 70 hupoteza 107. Hiyo ni balbu ya zamani ya wati 100 ikiwaka ndani ya kisanduku kisichozidi mkoba wa shule! Na usidanganywe na nembo ya 80 PLUS peke yake: kipimo chake hufanywa kwenye nyuzi joto 23 hivi. Nani ana chumba cha nyuzi 23 Gede mwezi wa Machi? Tafuta iliyohakikishiwa wati zake zote kwenye nyuzi 40 au 50, yenye kapasita za nyuzi 105, si 85. Kapasita ikipoa nyuzi 10, umri wake huongezeka karibu maradufu.

Tatu, stima. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na hilo lilitangazwa kila mahali. Lakini kinachoua kompyuta zetu ni vile vipigo vidogo visivyotangazwa: taa inafifia, inarudi kwa nguvu, inafifia tena. "Nina UPS," unasema. Sawa, lakini UPS ya kawaida ya nyumbani huchukua milisekunde kadhaa, hata 10, kuhamia kwenye betri. Mwongozo wa ATX unaitaka pawa saplai ishikilie mzigo takribani milisekunde 16. Iliyobania kapasita haifiki huko, kwa hiyo kompyuta inazimika ukiwa na UPS yako mezani, na kazi ambayo hujaihifadhi inakwenda nayo. Chagua inayopokea volti 100 hadi 240 bila swichi. Ile yenye swichi nyekundu ya 115 na 230, mtoto akiichezea, volti zetu 240 zitaimaliza siku hiyohiyo.

Najua jibu: "Wewe una mshahara, sisi hatuna. SFX ya maana ni ghali." Ni kweli, ni ghali, na pesa ni ngumu. Lakini rahisi ghali, wahenga walishasema. Pawa saplai mbovu ikifa inaweza kwenda na mazabodi na diski yenye kazi zako zote. Kama pesa hazitoshi, acha kadi ya grafiki kwanza! Ryzen 5 7600 ina grafiki yake ndani. Utaandika programu, utasoma, utafanya kazi za wateja. Kadi utaongeza mwakani, na pawa saplai nzuri itakuwa inakusubiri.

Kwa hiyo nunua pawa saplai KWANZA. Pima kasha lako (SFX ni milimita 125 kwa 100 kwa 63.5), soma ampea za volti 12, uliza nyuzi joto. Muuzaji akishindwa kukuonyesha jedwali, mrudishie boksi lake. Mwenye kupinga na apinge, lakini aje na hesabu.