Miaka saba si tarehe ya kumnyang'anya mama mtoto

KAULI kwamba mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba imezoeleka kiasi kwamba wengi huichukulia kuwa ndiyo sheria ya nchi. Nimeisikia kwenye vikao vya ukoo, vijiweni, na hata kwa watu wenye elimu yao. Matokeo yake ni kwamba wapo kina mama ambao, mwaka huo unapokaribia, huanza kumfungashia mtoto nguo wakiamini hawana pa kukimbilia.

Ukweli ni kwamba sheria haisemi hivyo.

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, kinaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto kuliko jambo jingine lolote. Baada ya hapo ndipo itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe iwapo ana umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii ya wahusika. Miaka saba inatajwa mara moja tu: kwamba inachukuliwa kuwa ni vema mtoto aliye chini ya umri huo akae na mama yake. Hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa mfano pale inapothibitika kwamba mtoto yuko hatarini.

Hakuna mahali sheria inaposema kwamba siku inayofuata mtoto anahamia kwa baba. Kinyume chake, kifungu hicho hicho kinaitahadharisha mahakama juu ya ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Mtoto wa darasa la pili aliyezoea shule yake, rafiki zake na kitanda chake si mzigo wa kubebwa kwa sababu kalenda imegeuka.

Wapo watakaosema mila na dini ndivyo zinavyoagiza. Nadhani hapo pia tunasema kwa haraka. Kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, mahari iliyotolewa huchukuliwa kuwa imemweka mtoto upande wa baba. Lakini kwa Waluguru na Wamakonde, kwa jadi ukoo huhesabiwa kwa mama. Na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo, takriban miaka saba, huulizwa anataka kukaa na nani. Kwa hiyo hata huko mtoto ana sauti yake.

Majirani zetu wa Kenya wamelitazama jambo hili kwa namna inayofaa kuigwa. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, wazazi wasiooana walipopata mtoto, jukumu lilianzia kwa mama. Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, ikageuza mambo: kila mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na wajibu huo ni sawa kwa baba na mama, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria mpya ya watoto ya mwaka 2022 imefuata mkondo huo. Swali la kwanza linakuwa nani ana wajibu gani, badala ya mtoto ni wa nani.

Ujirani huo una upande mwingine. Ndoa kati ya Watanzania na Wakenya ni nyingi, na mpaka wa Namanga au Sirari huvukwa kwa basi la asubuhi. Ndoa ikivunjika, mzazi mwenye hasira anaweza kuvuka na mtoto kabla mwenzake hajajua. Ni vema ifahamike kwamba mahakama zetu zina uwezo wa kuzuia mtoto asitolewe nje ya nchi. Mwenye wasiwasi aombe zuio mapema, kwani kumtafuta mtoto aliyekwisha vuka mpaka ni kazi ngumu na ya gharama kubwa.

Jambo jingine linalochanganywa ni malezi na matunzo. Baba aliyenyimwa amri ya kukaa na mtoto hajasamehewa chakula, ada wala matibabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama, inapopanga kiwango cha matunzo, ipime kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Vilevile, mama ambaye hajaletewa fedha asimfungie baba mlango. Kumwona mtoto si risiti ya malipo, na deni la matunzo lina njia yake ya kudaiwa mahakamani.

Kuna wazazi walioshindwa kuishi pamoja lakini wakaweza kukaa meza moja na kuandikiana: mtoto atasoma wapi, likizo atakuwa kwa nani, nani atalipa nini. Hao wanawaokoa watoto wao na mengi. Wanaoshindwa kuelewana waanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, kisha mahakamani. Amri ikitolewa nayo si ya milele. Hali ikibadilika inaweza kuombwa irekebishwe.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Kwa maoni yangu, viongozi wa mitaa, wa dini na wa koo wangeanza kwa kuacha kuirudia kauli ya miaka saba. Kila inaporudiwa kana kwamba ni sheria, kuna mtoto anayetolewa shuleni katikati ya muhula, na kuna mama anayekubali kwa sababu hakuambiwa kwamba angeweza kwenda kusikilizwa.