Makuta ya masomo: uliza kwanza itatokea wapi

Goma, Septemba 2025

Vijana wenzetu wa Mugunga, bazazi, banafunzi wa sekondari na wa université,

Mwaka wa masomo umeanza, na swali ni lilelile katika kila nyumba: franga za mtoto tuziweke wapi? Mbele, jibu lilijulikana. Unashuka mjini, unafungua konti kwenye benki, unalipa, unapewa borodero, unaipeleka shuleni. Toka mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, benki zilifunga milango, na mpaka Septemba 2025 zilikuwa hazijafunguka. Mwezi wa Aprili AFC/M23 ilifungua tena CADECO, lakini ile haikurudisha akiba ambayo watu walikuwa nayo kwa benki zingine. Mwenye konti anahamisha makuta kwa simu, ao anavuka mpaka kwenda kuitoa Gisenyi. Asiye na njia hizo anangojea.

Hapo ndipo tunapata somo. Konti haipimwe kwa uzuri wa karte wala kwa zawadi wanayokupa siku ya kufungua. Inapimwa siku unapohitaji makuta yako. Kwa hiyo, mbele ya kuweka franga hata moja, uliza mambo matatu: nitatoa wapi, watakata ngapi, na konti iko kwa jina la nani?

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ndizo zinazotusaidia sasa. Lakini kesh imekuwa kidogo, noti zimezeeka na kupasuka, na kwa kabini wengine wanakukata zaidi ya bei ya kampuni. Kama shule inakubali kulipwa kwa simu, lipa moja kwa moja. Usitoe kesh kusudi uende kuilipa tena. Chunga ujumbe wa malipo, uuandike pia kwa daftari: tarehe, namba, kiasi. Namba ya siri usimupe mtu, hata ajenti unayemuzoea.

Jina nalo ni shida kubwa. CENI iliandikisha watu mara ya mwisho kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 2023. Kijana aliyefikisha miaka 18 kisha pale hana karte ya uchaguzi, na kwetu ile ndiyo inayotumika kama kitambulisho. Basi laini yake iko kwa jina la mjomba ao la rafiki. Siku wakigombana, ao simu ikipotea, makuta ni ya nani? Kama hauna karte, laini iandikishwe kwa jina la muzazi ao mulezi wako mwenyewe, na mukubaliane mbele ya mtu wa tatu.

Kwa akiba ya mwaka, tusizarau AVEC za mitaa yetu: sanduku ya kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kila mtu na karne yake, na mwisho wa muzunguko munagawana. Wenye kuzungusha likelemba waombe zamu yao iangukie Septemba. Lakini usiweke yote fasi moja. Mwaka huu umetuonyesha kwamba mulango mumoja ukifungwa, masomo yanasimama.

Hata hivyo, daftari na kufuli havitoshi. Mwanafunzi hakufunga benki, na si yeye wa kulipa bei yake. Ndiyo maana tunadai:

Benki Kuu ya Congo, serikali ya Kinshasa na wale wanaoshika Goma waache kutumia akiba ya raia kama silaha. Wapatane juu ya njia ya watu kutoa makuta yao bila kuvuka mpaka.

Shule na université zikubali malipo ya simu, zikubali kulipwa kidogo kidogo, na zisifukuze mtoto kwenye mtihani kwa sababu makuta ya muzazi wake imefungiwa.

Kampuni za simu zibandike bei kwa kila kabini, na zichukulie hatua ajenti anayepita ile bei.

Vijana wapewe kitambulisho bila kungojea uchaguzi mwingine.

Bandugu, franga ya masomo ya Mugunga inatoka kwa mama anayeuza makala na kwa kaka anayeendesha moto. Haikupatikana kwa urahisi. Isipotee kwa urahisi.