Dawa ya presha iko kinamasini

WATU wengi wa Kiganjo wakimwona mtu mzima amesimama kando ya kinamasi akitazama ndege, humcheka. Husema hiyo ni kazi ya watalii wasio na shamba la kulima. Kwa maoni yangu, mtu huyo anajitibu, na dawa yake haiuzwi dukani.

Chukua siku moja ya mwezi Machi, kabla ya mvua ya masika. Mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya wanaruka juu ya mashamba ya mahindi na viazi wakila wadudu, huku wakijiandaa kurudi kwao. Yangeyange wanawafuata ng'ombe malishoni. Penye matete, kwarara wanadonoa matope, na ukibahatika utamwona korongo mwenye taji akitembea na mwenzake. Kufikia adhuhuri, ndugu msomaji, utakuwa umetembea kilomita kadhaa bila kujua.

Hapo ndipo faida ilipo. Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda usiopungua dakika 150 kila juma. Wengi hushindwa kwa sababu kutembea bila shughuli kunachosha. Ndege hukupa shughuli. Tena, watafiti wa King's College London walieleza mwaka 2022 kwamba kuona au kusikia ndege huinua hali ya moyo kwa muda wa hadi saa nane, hata kwa wenye ugonjwa wa sonona. Mgonjwa wa presha asitupe vidonge vyake, aongeze matembezi.

La kusikitisha ni kwamba vinamasi vinakaushwa kwa mitaro na kupandwa mboga na mikaratusi. Korongo mwenye taji hutaga humo, na mwaka 2012 aliorodheshwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani. Anayechimba mtaro hupata kipande cha shamba, lakini kijiji kizima hupoteza maji ya kiangazi na mahali pa kupumzisha akili.

Huko Nairobi, matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi yalianza mwaka 1971. Sisi tunashindwa na nini? Walimu, vikundi vya akina mama na wazee wa kanisa waanzishe yao. Vaeni viatu vya mpira, bebeni maji ya kunywa, na vijana waache manati nyumbani. Kinamasi kilichobaki kiwekewe mipaka kabla hakijalimwa.