Wazee walio gerezani wasisahauliwe

Sisi wa Arumeru tunao ushahidi wa hoja hii kwenye historia yetu. Geronimo ji-Jaga, kiongozi wa chama cha Black Panther cha Marekani, alifariki mwaka 2011 kijijini Imbaseni, baada ya magereza ya California kumla miaka 27. Alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 1972, na minane ya miaka hiyo alifungiwa peke yake. Baraza la mahakama halikuambiwa kwamba shahidi mkuu alikuwa mtoa habari wa vyombo vya dola. Hukumu ikafutwa mwaka 1997.

Mwalimu mstaafu mwenzangu huniuliza: “Na walioua kweli je, mzee?” Namjibu kwamba aliyeua aadhibiwe, lakini adhabu isigeuke kisasi. Russell Maroon Shoatz wa Pennsylvania, aliyetiwa hatiani kwa mauaji, alikaa zaidi ya miaka 20 katika selo ya upweke. Aliachiwa Oktoba 2021 akiwa hoi kwa saratani, Desemba akafa. Huko si kumwachia mtu huru, ni kukwepa gharama za mazishi.

Ninachodai ni kidogo: mfungwa mzee na mgonjwa atibiwe kwa wakati, na aachiwe angali na nguvu za kula na wajukuu zake. Nasi tuwaandikie wafungwa hao barua. Mwaka 2018 barua binafsi za kwenda kwa wafungwa wa Pennsylvania zilianza kupelekwa kwanza kwa kampuni iliyoko Florida, zikaskaniwa, na mfungwa akapewa nakala tu. Tuandike hivyo hivyo. Wakuu wa gereza wakiona mfungwa ana watu wanaomuulizia, huenda wakawa waangalifu zaidi naye.