Tela ya kujitengenezea Lubondja: fundi anaweza kuiunda, lakini nani ataipa karatasi?

Kwa mkulima wa Lubondja, kulima ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kushusha mavuno. Mihogo, mahindi na karanga za vijiji hivyo vya teritware ya Fizi hufika Fizi-centre na Baraka kwa kichwa, kwa mgongo, kwa kinga, kwa pikipiki, na kwa lori siku ambayo barabara imekubali. Mvua ikinyesha mfululizo, lori halipandi. Pikipiki hupita, lakini hubeba magunia mawili au matatu tu, na bei ya usafiri hula faida ya shamba kabla gunia halijafika sokoni.

Ndiyo maana wazo la tela ndogo ya chuma, ile ambayo wengi huiita remorke, lina mvuto. Mtu hahitaji kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Baraka ina mafundi wa kusudere wanaotengeneza milango, madirisha na viti. Fundi wa namna hiyo akipata vyuma vya pembe, ekseli na magurudumu mawili ya pikipiki, anaweza kuunda tela itakayofungwa nyuma ya pikipiki au gari dogo. Swali gumu linaanza siku tela hiyo inapotoka kwenye ateliye na kuingia barabarani. Hapo inakutana na serikali yenye mikono mingi ya kupokea ushuru, na mkono mfupi sana wa kutoa karatasi.

Kosa la chuma halisubiri mtihani

Kabla ya karatasi kuna usalama, na usalama wa tela uko kwenye mambo machache ambayo fundi hapaswi kuyakisia.

La kwanza ni mahali pa ekseli. Ikiwekwa mbele mno, mzigo unaelemea nyuma na tela inainua mkia wa pikipiki. Gurudumu la nyuma la pikipiki linakosa kushika udongo, na dereva anapoteza uongozi. Mafundi wa tela duniani huweka ekseli nyuma kidogo ya katikati ya kitanda, ili sehemu ndogo ya uzito, karibu moja ya kumi, ikae kwenye kiungo cha mbele.

La pili ni breki. Pikipiki ya 125 ina uzito wa karibu kilo 120. Tela ya kilo 50 ikipakiwa magunia matatu ya kilo 100, inakuwa kilo 350, karibu mara tatu ya pikipiki inayoivuta. Kwenye tambarare dereva atasifu mashine yake. Kwenye mteremko wa kushuka kuelekea ziwani, tela ndiyo itakayokuwa inamsukuma yeye. Katika nchi nyingi, tela isiyo na breki zake yenyewe hairuhusiwi kuzidi nusu ya uzito wa chombo kinachoivuta kikiwa kitupu. Kwa pikipiki hiyo, nusu ni kilo 60. Maana yake ni wazi: tela ya kubeba magunia bila breki, nyuma ya pikipiki, ni hatari hata kama imesuderiwa vizuri.

La tatu ni mnyororo wa akiba. Kiungo kikikatika, mnyororo huzuia mkono wa tela usichimbe chini, na tela isikimbie peke yake kuelekea watu waliopanga bidhaa kandokando ya barabara. La nne ni viakisi viwili vyekundu vya pembe tatu upande wa nyuma, kwa sababu usiku wa Fizi hauna taa za barabarani.

Sheria ipo, njia ya kuifikia ndiyo haipo

Mambo hayo hayakubuniwa na maofisa wa Kinshasa. Mnyororo na viakisi vya pembe tatu vimo katika Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Zaire ilijiunga nao mwaka 1977. Mwaka uliofuata nchi ilipata kanuni zake za barabarani, yaani Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa 8, 1978. Mkataba huo unaitambua tela ndogo kuwa ile ambayo uzito wake wote, pamoja na mzigo unaoruhusiwa, hauzidi kilo 750. Tela ya Lubondja inaingia humo bila shida.

Nchi nyingine zimechagua kati ya njia mbili. Ufaransa inaruhusu tela isiyozidi kilo 500 itembee na namba ya gari linaloivuta. Ikizidi hapo, inapata namba na karatasi zake yenyewe, na ile iliyotengenezwa na mtu binafsi lazima kwanza ikaguliwe peke yake na wataalamu wa serikali. Kenya imechagua kuipa tela namba yake: plake zinazoanza na herufi Z ni za tela.

Njia zote mbili zinakwama Lubondja kwa sababu tofauti. Njia ya kukopa namba ya chombo kinachovuta inadai chombo hicho kiwe na namba, na pikipiki nyingi za vijijini hazina plake. Njia ya kupewa namba mpya inadai ofisi. Plake za nchi hutolewa kupitia Kurugenzi Kuu ya Kodi, DGI, na kurugenzi yake ya jimbo la Kivu Kusini ilikuwa Bukavu. Mwezi wa 2, 2025, Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Mwezi wa 12 mwaka huohuo, vita vikafika Uvira pia. Mkulima aliyekuwa tayari kulipa na kufuata sheria amejikuta ofisi ikimkimbia, huku barabara ya kuifuata nayo ikiwa ndiyo uwanja wa mapigano.

Hata kabla ya vita hivi, safari hiyo ilikuwa na hesabu mbaya. Gharama ya kwenda, kulala, kusubiri na kurudi ingeweza kushinda thamani ya tela yenyewe. Sheria inayomgharimu mwananchi kuliko kitu inachokisimamia huishia kuvunjwa, na lawama haziwezi kumwangukia mwananchi peke yake.

Bariere haiulizi jina

Kinachoshangaza ni kwamba kitu kisicho na karatasi hakikosi kulipishwa. Mwaka 2017, taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilichapisha uchunguzi wa vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Ilihesabu vizuizi 798, vingine vya vyombo vya serikali, vingine vya makundi yenye silaha. Hitimisho lake kubwa lilikuwa kwamba kupita tu barabarani kumegeuzwa kuwa chanzo cha mapato.

Katika mazingira hayo, tela isiyo na hadhi inayojulikana ni mali rahisi. Kwenye bariere moja inaweza kuitwa gari, ilipe kama gari. Kwenye bariere inayofuata inaweza kuitwa mzigo. Kwenye ya tatu inaweza kuitwa chombo haramu, na mwenyewe aambiwe alipe faini au aiache. Kila jina lina bei yake, na mwenye tela hana karatasi ya kuonyesha kwamba jina ni moja.

Chukudu ya Kivu Kaskazini inasaidia kuelewa tofauti. Nayo ni chombo cha kujitengenezea, cha mbao, na Goma imeijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Lakini chukudu husukumwa na mtu. Kila askari anaijua, na hakuna anayeiita gari. Tela inafungwa kwenye mashine, na hapo ndipo inapoingia katika dunia ya plake, vinyeti na bima.

Bima yenyewe ni jeraha jingine. Kanuni ya bima, Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 mwezi wa 3, 2015, ilifungua soko ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la SONAS peke yake. Lakini bima ya chombo hudai chombo kinachotambulika. Tela ikikatika na kumvunja mtoto mguu sokoni, familia ya mtoto itabaki na mwenye tela tu, ambaye huenda mali yake yote ni hiyo tela. Anayepoteza zaidi kwa kukosekana kwa usajili ni yule aliyekuwa akipita tu.

Sekta inaweza kuanza bila ushuru mpya

Je, wakaaji wasubiri mpaka ofisi za jimbo zitulie? Si lazima. Sheria ya uongozi wa ndani, namba 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa 10, 2008, inazitambua mji, komuni, sekta na shefferi kuwa vyombo vyenye hadhi yao ya kisheria na uongozi wao. Teritware haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo, mlango wa karibu kwa mwenye tela wa Lubondja ni ofisi ya sekta yake, wala si ya msimamizi wa teritware.

Sekta haiwezi kutoa plake ya taifa. Haiwezi pia kubuni ushuru kama inavyotaka. Amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2018, imeorodhesha kodi na ushuru wa jimbo na wa vyombo hivyo vya chini. Lakini kuandika si kutoza. Daftari la tela linaweza kufunguliwa bila malipo: jina la mwenyewe, jina la fundi, tarehe ya kuundwa, vipimo, uzito wa juu wa mzigo, na namba. Namba hiyo na uzito huo vipakwe rangi ubavuni. Kabla ya kuandikwa, mtu anayeelewa chuma akague mambo manne: ekseli, breki, mnyororo na viakisi. Mwenyewe apewe nakala yenye mhuri.

Karatasi hiyo haitakuwa sawa na karte roze. Itakuwa ushahidi wa umiliki tela ikiibwa au ikikamatwa, na mwanzo wa kumdai fundi uwajibikaji wa kazi yake. Siku ofisi ya jimbo itakaporudi kufanya kazi kawaida, orodha itakuwa tayari, na wenye tela hawataanza upya kama watuhumiwa.

Kuna pingamizi mbili ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza: ofisa anayeandika leo bure anaweza kesho kudai kitu. Dawa yake ni kutangaza wazi, sokoni, makanisani, misikitini na kwenye redio za eneo, kwamba daftari halina bei, na kuwapa mashirika ya kiraia haki ya kuliona. Ya pili ni nzito zaidi. Fizi ni eneo ambalo makundi yenye silaha yamewahamisha watu tena na tena, na orodha ya watu wenye vyombo vya kubebea inaweza kugeuzwa orodha ya kuwanyang'anya. Kwa hiyo daftari lisiwe na zaidi ya yale yanayohitajika, na mwenye tela asilazimishwe kujiandikisha wakati mapigano yako mlangoni. Hiari iliyo na faida huvuta watu kuliko amri isiyo na ulinzi.

Faida yenyewe haiishii kwenye magunia. Huko Jinja, Uganda, shirika la FABIO limekuwa likitengeneza tela za baiskeli za kubebea wagonjwa hadi kituo cha afya. Kwa vijiji ambako mama mwenye uchungu hubebwa kwa machela au kupakatwa juu ya pikipiki, chuma kilekile cha kubebea mihogo, kikiundwa kwa ajili ya mtu, kina thamani ambayo hakuna bariere inayoweza kuipima. Lakini tela ya mgonjwa inahitaji breki na mnyororo kuliko tela ya mihogo, na inahitaji karatasi itakayofanya ipite bila mabishano.

Serikali ya Kinshasa ina sheria ya 1978, mkataba wa 1968 na kanuni ya bima ya 2015. Lubondja ina mafundi wa karibu na mazao ya kushusha. Kati ya pande hizo mbili kinakosekana kitu kidogo: daftari, mhuri, na kiongozi wa sekta aliye tayari kuandika kwanza kabla ya kunyoosha mkono.